Kuchagua jeki ya magurudumu kwa gari la nyumbani: pima gari kabla ya kwenda dukani

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua jeki ya tani 3, siku ya pancha ikafika, jeki haiingii chini ya gari. Mwingine jeki imeingia vizuri, kapiga mpini hadi mwisho, bodi imepanda lakini tairi bado limekanyaga chini. Wa tatu kila kitu kiko sawa, ila gari linasogea na kikombe, ile sahani ya juu ya jeki inayogusa gari, kinateleza kila akiinua juu ya pevingi. Ukiwauliza walichouliza dukani, jibu ni moja: "Hii ni ya tani ngapi?"

Tani ndilo swali jepesi kuliko yote, na ndilo muuzaji hulijibu haraka. Kinachomkwamisha mtu ni vitu vingine vitatu: jeki inaanzia chini kiasi gani, inafika juu kiasi gani, na itasimama juu ya nini. Hapa tunazungumzia jeki ya magurudumu, ile ndefu ya kuburuta yenye mpini, kwa mtu anayebadilisha tairi, breki pedi na oili uani kwake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya mkanda yenye milimita
- Kadi ya gari na, kama kipo, kitabu cha gari
- Tochi na kipande cha chaki
- Karatasi ya kuandikia vipimo (utaenda nayo dukani, usitegemee kichwa)
- Kabari 2 za kuzuia tairi, za mbao ngumu au raba
- Stendi 2 za kushikilia gari, ambazo utazinunua pamoja na jeki, si mwezi ujao
- Ubao wa plaiwudi wa milimita 18, upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1 au zaidi, kama huna sakafu ya zege

Gari likae mahali tambarare, bila mzigo, matairi yote yakiwa na upepo wa kawaida.

## Hatua ya 1: Tafuta uzito, halafu usahau habari ya tani

Angalia kwenye kadi ya gari uzito wa jumla, yaani gari pamoja na abiria na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Usitumie uzito wa gari tupu, kwa sababu siku ya pancha njiani buti huwa limejaa.

Jeki haibebi gari zima. Ukiinua sehemu ya mbele yote kwa pamoja, inabeba karibu asilimia 60 ya gari, kwa kuwa injini iko huko. Ukiinua kona moja inabeba pungufu ya hapo. Kwa hiyo chukua asilimia 60 ya uzito wa jumla, kisha ongeza nusu yake iwe akiba.

Mfano: gari la familia aina ya Noah lenye uzito wa jumla wa kilo 2,100. Asilimia 60 ni kilo 1,260. Ukiongeza nusu unapata kilo 1,890. Tani 2 inatosha. Prado yenye uzito wa jumla wa kilo 2,900 inatoa kilo 1,740, na ukiongeza nusu ni kilo 2,610. Hapo nunua ya tani 3. Vitz, IST, Demio na Probox zote zimo ndani ya tani 2 bila wasiwasi.

Jihadhari na jeki zinazotoka Marekani. Tani yao ni kilo 907, si kilo 1,000, hivyo "tani 3" yao ni kilo 2,722. Kama una ndugu anayekuletea, mwambie asome kilo kwenye lebo.

Kwa nini basi usichukue tani 3 kwa usalama zaidi hata kwa Vitz? Unaweza. Lakini jeki ya kawaida ya tani 3 ina kilo 30 na zaidi, na nyingi huanzia juu mno kwa gari dogo. Usalama huo wa ziada hautakusaidia kama jeki imegoma kuingia.

## Hatua ya 2: Pima urefu wa chini, na upime kama vile tairi lina pancha

Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Lala chini na tochi, tafuta sehemu ya kuinulia. Kwenye magari madogo ni ukingo wa chuma ulio chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mara nyingi una mikato miwili midogo, na jeki inakaa katikati ya mikato hiyo. Weka alama ya chaki. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo na uandike.

Sasa punguza. Tairi la 185/65R15 lina ubavu wa milimita 120, kwa kuwa asilimia 65 ya 185 ndiyo hiyo. Upepo ukiisha, rimu inakalia mpira uliokunjamana, na kona ile inashuka kwa milimita 60 hadi 80. Kwa gari dogo toa 70. Kwa gari kubwa lenye tairi la 265/65R17, ambalo ubavu wake ni milimita 172, toa 100.

Tuseme ukingo wako uko milimita 190. Ukitoa 70 unabaki na 120. Jeki nyingi za kawaida zinaanzia milimita 130 hadi 145, kwa hiyo haziingii. Unahitaji jeki ya chini, ambayo huanzia milimita 75 hadi 100. Kumbuka pia kwamba kikombe chenye pedi ya raba kinaongeza milimita 15 hadi 25, na lebo ya dukani mara nyingi haijaihesabu pedi hiyo.

Kipimo kimefaulu ikiwa urefu wa chini wa jeki, pamoja na pedi, unapungua angalau milimita 15 kwenye ile namba yako ya pancha. Ikiwa zinalingana sawasawa, hiyo si jeki yako. Udongo kidogo tu chini ya tairi na hesabu imeharibika.

## Hatua ya 3: Pima urefu wa juu

Ukianza kuinua bodi, tairi halinyanyuki papo hapo. Springi zinajinyoosha kwanza, tairi linabaki chini huku bodi ikipanda. Kwenye gari dogo bodi hupanda karibu milimita 100 kabla ya tairi kuachia ardhi. Kwenye gari la juu inaweza kufika 200.

Hesabu ni hii: urefu wa sehemu ya kuinulia gari likiwa na upepo wote, jumlisha springi, jumlisha milimita 50 za nafasi.

Kwa ukingo wa 190: 190 + 100 + 50 = milimita 340. Jeki ndogo za bei nafuu za tani 2, zile za kilo 8 au 9 zinazouzwa ndani ya sanduku la plastiki, nyingi huishia kati ya 300 na 350. Zile za 300 hazifai. Zina mtego wake: tairi lenye pancha linatoka, halafu spea iliyojaa upepo haiingii kwa sababu ni ndefu kuelekea chini kuliko ile bapa uliyoitoa. Ukiona mtu anachimba udongo chini ya gari kwa bisibisi, ndicho kilichompata.

Kwa Prado, Hilux na gari lolote lenye chesisi, hesabu ya kuinulia chesisi inapita milimita 500. Una njia mbili. Ununue jeki ndefu ya magari ya juu, inayofika namba uliyoipata, au uinue kwenye ekseli yenyewe. Ekseli ya nyuma ya mengi ya magari haya ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, kwa hiyo ukiiinua tairi linapanda nayo bila kusubiri springi. Hapo ziada ya milimita 50 inatosha. Weka kikombe kwenye bomba la ekseli karibu na tairi, mbali na bomba la breki. Njia hii ni ya nyuma tu. Mbele ya Prado kila tairi linajitegemea.

Usijaribu kuokoa jeki fupi kwa kupachika kipande cha gogo juu ya kikombe. Kikombe kinapanda kwa mduara, si kwa mstari ulionyooka, na gogo linapinda kidogo kwa kila pigo mpaka lichomoke. Kama ni lazima kuongeza urefu, nunua kiongezeo cha chuma kinachoingia kwenye tundu la kikombe cha jeki hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Pima sakafu

Magurudumu ya jeki si ya kuiburutia stoo tu. Mkono wa jeki ukipanda, kikombe kinarudi nyuma kuelekea kwenye mpini. Gari limetulia, kwa hiyo lazima jeki yenyewe itembee kuingia chini ya gari, sentimita kadhaa, huku imebeba mzigo. Ikikwama, ama inavuta gari ama kikombe kinateleza kwenye ukingo. Kwenye udongo na mchanga magurudumu yanazama. Kwenye pevingi yananasa kwenye mianya. Kwenye lami ya mchana wa jua kali yanachimba.

Zege laini: hakuna la kufanya, endelea.

Pevingi au udongo mgumu: tandika plaiwudi yako, mwelekeo wa urefu ukifuata jeki, ili ipate kutembea. Ubao mfupi ambao jeki inaufunika wote ni hatari, maana gurudumu likifika ukingoni linaanguka.

Mchanga au udongo mbichi: usiinue hapo. Sogeza gari. Kama huna pa kulisogeza, jeki ya mafuta ya kusimama, ile fupi yenye umbo la chupa, ikikaa juu ya ubao mnene, ni afadhali kwa kubadilisha tairi, kwa sababu inapanda wima na haihitaji kutembea.

Kama unachagua kati ya jeki mbili zinazolingana, chukua yenye magurudumu ya chuma mapana zaidi. Ya nyuma lazima yazunguke pande zote.

## Hatua ya 5: Pima kutoka bampa hadi katikati

Ruka hatua hii kama kazi yako ni kubadilisha tairi tu. Anayetaka kuinua mbele yote kwa pamoja apime umbali kutoka ncha ya bampa hadi krosimemba, ile boriti ya chuma inayoshika injini kwa chini. Jeki fupi inafika, lakini mpini wake unagonga bampa kila ukiupandisha, na unaishia kupiga vipigo vifupi vifupi hadi mkono ufe ganzi. Fremu ya jeki iwe ndefu kuliko umbali huo ukitoa sentimita 10.

Sehemu ambazo kikombe hakigusi kamwe: sampo ya oili, bakuli la giaboksi, rejeta, sakafu ya gari, na boriti nyembamba ya nyuma ya magari madogo kama Vitz isipokuwa kitabu cha gari kinaruhusu. Sampo ni bati jepesi. Ikibonyea inaziba mdomo wa pampu ya oili, na injini inakufa baadaye bila wewe kukumbuka jeki.

## Hatua ya 6: Dukani

Uwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, toa karatasi yako na useme namba tatu: inaanzia ngapi, inaishia ngapi, kilo ngapi. Kisha pima mwenyewe kwa futi. Lebo inaweza kudanganya.

Uzito wake. Jeki ya chuma iliyoandikwa tani 3 halafu unainyanyua kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji inadanganya. Za aluminiamu ni nyepesi kweli, lakini bei yake itakuambia kuwa ni aluminiamu. Kwa matumizi ya nyumbani chuma kinatosha, labda kama mgongo wako unasema vingine.

Mbavu na uchomeleaji. Mchomeleo uwe mstari unaoendelea, bila mashimo wala vidonge. Tikisa mkono wa jeki kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, ila ukipinda hadi uguse fremu, iache.

Mafuta. Pitisha kidole kuzunguka pistoni na chini ya pampu. Unyevu wa mafuta kwenye jeki mpya maana yake sili imekufa au haijakaa.

Kushuka. Pandisha jeki tupu, kisha zungusha mpini polepole kushoto. Unataka valvu inayofunguka kidogo kidogo. Ile inayokaa kimya halafu ghafla inaachia yote itaangusha gari lako siku moja.

Vali ya kuzidiwa. Muulize muuzaji kama ipo. Hii huzuia jeki kuinua uzito unaopita kiwango chake. Mara nyingi imeandikwa kwenye kijitabu. Usiiguse skrubu yake.

Sili za akiba. Swali hili wengi hawaulizi. Jeki ambayo sili zake hazipatikani ni jeki ya miaka miwili.

Pampu mbili zinazofikisha kikombe kwenye gari kwa vipigo vichache ni anasa nzuri, si lazima. Pedi ya raba ni lazima kwa gari lenye ukingo chini ya mlango, na iwe na mfereji katikati ili ukingo uingie. Kikombe kitupu cha chuma kinaukunja ukingo, rangi inabanduka, kutu inaanzia hapo.

## Hatua ya 7: Stendi, siku hiyohiyo

Jeki inainua, stendi inashikilia. Ndani ya jeki kuna sili ya mpira na valvu moja, na chembe ya mchanga ikikaa kwenye valvu gari linashuka. Mtu haingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kufungua boliti ya oili.

Stendi za pini zinaonekana za kizamani, ila ni rahisi kuhakiki: pini imepita au haijapita. Za meno ni za haraka, lakini kagua kila jino na ule ulimi unaoshika. Mwaka 2020 Marekani malaki ya stendi za meno yaliondolewa sokoni kwa sababu ulimi haukuwa unashika meno sawasawa. Baada ya kupandisha, gonga mkono wa stendi kwa kiganja kuelekea chini, usisogee.

Pima tena kabla ya kulipa. Stendi nyingi ndogo huanzia milimita 260 hadi 290, na jeki yako lazima ipandishe gari kupita hapo ndipo stendi iingie.

Kuna utata mmoja: jeki na stendi zote zinataka kukaa pale pale kwenye ukingo wa mlango. Suluhisho la kawaida ni kuinua kwenye krosimemba na kuweka stendi mbili kwenye kingo. Ndiyo sababu ya hatua ya 5.

Tofali la saruji si stendi. Linabeba vizuri hadi sekunde linapopasuka, na halitoi onyo. Mawe yanazunguka.

## Hatua ya 8: Jaribio la kwanza nyumbani

1. Toa hewa. Jeki ikiwa imeshuka na haina mzigo, fungua valvu ya kushushia, piga mpini mara 10 hadi 15, funga valvu. Hewa iliyosafiri nayo ndiyo inayofanya jeki mpya ionekane mbovu: mpini laini kama sifongo, mkono hauendi juu.

2. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P au gia ya kwanza, kisha weka kabari kwenye tairi za upande usioinuliwa. Kabari si mapambo. Kwenye magari mengi breki ya mkono inashika tairi za nyuma tu. Ukiinua nyuma imekwisha kazi. Na P ya gari linalovutwa na tairi za mbele haitoshi ukiinua tairi moja ya mbele, kwa sababu difu inaruhusu moja izunguke huku nyingine ikibingirika.

3. Legeza nati robo mzunguko kabla ya kuinua. Ukizilegeza gari likiwa juu unalitikisa kutoka kwenye jeki.

4. Weka kikombe, pandisha hadi kiguse, simama, chungulia tena. Ukingo uwe katikati ya pedi.

5. Pandisha hadi tairi liachie ardhi. Tazama magurudumu ya jeki: yanatembea? Yakiwa yamekwama, shusha na urekebishe sakafu.

6. Weka stendi milimita chache chini ya ukingo bila kuugusa. Pima urefu wa kikombe, subiri dakika 10, pima tena. Jeki nzima haitakuonyesha tofauti ya maana. Ikishuka zaidi ya milimita 5, toa hewa upya na urudie mara moja. Ikishuka tena, irudishe dukani ukiwa bado na risiti.

7. Toa stendi, kisha shusha polepole, robo mzunguko wa valvu, huku jicho likiwa chini ya gari na si kwenye mpini. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 kwenye nati za tairi.

## Ikigoma baadaye

Inapanda nusu tu: mafuta yamepungua. Ishushe kabisa, ilaze sawa, fungua kizibo cha raba, jaza mafuta ya haidroliki namba 32 hadi usawa wa tundu. Usiijaze ikiwa imepanda. Mafuta yatakosa pa kurudi. Na usitie mafuta ya breki hata kama ndiyo yaliyopo, kwani yanavimbisha sili za mpira wa jeki, na ndani ya siku chache inavuja kila mahali.

Inashuka yenyewe: uchafu kwenye valvu au sili imeisha. Fungua valvu, piga mpini mara kadhaa jeki ikiwa tupu, pengine chembe itatoka. Isipopona ni sili.

Mpini unarudi juu wenyewe ukiuachia: gololi ya valvu ndogo ya pampu haifungi. Hiyo ni kazi ya fundi wa jeki, si ya kufungua ukiwa na bisibisi barazani.

Haitembei vizuri: grisi kwenye ekseli za magurudumu yake, na uzi uliojizungusha humo utolewe. Ihifadhi mkono ukiwa chini, ili pistoni isipate kutu ya kukwangua sili.